Nyota Iliyokataa Kutembea

Ijumaa kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa shule ya msingi ya Mmamokgadi walitimua mbio kwenda makwao. Keneilwe yeye alielekea ukumbini. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu kwa viganja, kutoka ukuta huu hadi ule. Sakafu ilikuwa imekwisha kufagiliwa mara mbili, lakini hilo halikutosha. Mma Ditshupo, mama aliyewasimamia kazi hiyo, alikuwa amewafundisha kwamba kijiwe ambacho macho yamekiruka, kiganja kitakikuta.

"Umepata nini?" aliuliza Mma Ditshupo.

"Punje moja tu ya changarawe, Mma."

"Hiyo moja ndiyo ingetutoboa. Haya, endelea."

Kazi yote hii ilikuwa kwa ajili ya kuba la nyota. Lilikuwa hema la kitambaa, jeusi nje na jeupe ndani, na halikuwa na nguzo hata moja. Likitandazwa sakafuni lilionekana kama blanketi kubwa lililochoka. Feni ikiwashwa, hewa iliingia taratibu, kitambaa kikatuna na kuinuka, na baada ya dakika kumi lilikuwa limesimama katikati ya ukumbi, refu kuliko mlango, mviringo kama chungu kilichopinduliwa. Darasa zima liliingia kwa kutambaa. Projekta ikiwashwa, mbingu ya usiku ilitokea juu ya vichwa vyao, saa nne asubuhi, jua likiwaka nje.

Mma Ditshupo ndiye aliyelitunza. Alizunguka nalo kwa pikapu kutoka shule hadi shule, na muhula huo wa kipupwe ilikuwa zamu ya Mmamokgadi. Kabla ya hapo alikuwa ameshona mahema ya watalii kule Maun, kaskazini mwa Botswana, kwa miaka kumi na mitano. Mwanamke huyo alikuwa na mikono ya ajabu. Aliweza kufumba macho, akapitisha vidole juu ya mshono, akakuambia uzi umelegea wapi. Akisikia feni ikivuma aliinamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Chujio lina vumbi," na mkilifungua mnalikuta vumbi limejaa tele. Keneilwe alimpenda mno. Alitembea kama yeye, akakunja mikono ya sweta kama yeye, mpaka wenzake wakaanza kumwita Ditshupo Mdogo, naye hakuona ubaya wowote.

Mma Ditshupo alikuwa amechagua watoto sita wa kumsaidia, na Keneilwe, wa darasa la sita, akawa kiongozi wao. Kwenye ukuta wa ukumbi kulibandikwa kadi yenye orodha ya kazi za kila Ijumaa. Kupapasa sakafu. Kutandika turubai. Kuingia na soksi tu. Kupangusa kitambaa kwa tambara laini lenye maji na sabuni kidogo, toka juu kwenda chini, bila kusugua. Kupaka mshumaa kwenye zipu. Kupuliza vumbi kwenye lenzi kwa kipira, kamwe si kwa mdomo, kwa sababu mate hayaonekani mpaka yakauke. Na mwisho kabisa, kuliacha kuba limesimama na feni ikivuma kwa saa mbili mpaka likauke, ndipo likunjwe. Kila kazi ikikamilika kiongozi alitia alama ya vyema kwenye kadi.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowachosha watoto. Saa mbili za kukaa tu na kuitazama feni!

Sasa, wiki iliyofuata kulikuwa na jambo kubwa. Alhamisi wazee wa kijiji, pamoja na kgosi, chifu mwenyewe, walikuwa wamealikwa kuingia kwenye kuba. Keneilwe angeshika kurunzi nyekundu na kuwaonyesha nyota. Kisha bibi yake, Mma Seabelo, angezungumza kuhusu mbingu za zamani, za siku ambazo watu walilima kwa kuitazama Selemela, lile kundi dogo la nyota ambalo sisi tunaliita kilimia. Bibi alikuwa anazijua nyota zote zenye majina. Tayari alikuwa ametoa sandukuni shali yake nzito ya mistari, ile ya harusi na sherehe, akaitundika ipigwe na hewa.

Basi Ijumaa hiyo, kazi ya kupangusa ilipokwisha, Mma Ditshupo alitazama saa.

"Naenda njia panda kuchukua feni ya akiba," alisema. "Keneilwe, nakuachia. Saa mbili, kisha mkunje. Msikunje likiwa na unyevu hata wa ukucha."

"Ndiyo, Mma."

Pikapu ikaondoka. Watoto wanne wakaaga mmoja mmoja, huyu katumwa maji, yule ana mbuzi wa kuwarudisha. Alibaki Keneilwe na Oteng, kijana wa darasa lake ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Nusu saa haijapita, ngoma zikaanza kusikika kutoka uwanjani. Yalikuwa mazoezi ya kikundi cha ngoma, na mashindano yalikuwa karibu. Keneilwe alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele. Njuga zake za miguuni zilikuwa kwenye mkoba, na kila alipousogeza zililia.

Aligusa kitambaa. Bado kilikuwa na unyevu. Akatazama nje dirishani. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na zizi la mbuzi wa shule, limezungushiwa ua wa matawi ya miti ya miiba, kama mazizi yote ya Mmamokgadi. Juu ya ua huo mpishi wa shule alikuwa ameanika mablanketi mawili. Upepo mkavu wa kipupwe ulikuwa unavuma, na mablanketi yalikuwa yametulia tuli, kwa kuwa miiba iliyashika. Tangu azaliwe, Keneilwe alikuwa amemwona mama yake akianika mablanketi hivyo hivyo. Yalikauka upesi na hayakupeperushwa.

"Tulianike pale," alisema.

Oteng aligeuka. "Kuba?"

"Kwani si kitambaa? Litakauka kwa dakika ishirini."

"Mma alisema feni."

"Mma alisema likauke. Na mimi ndiye kiongozi hapa."

"Haya, Ditshupo Mdogo," alisema Oteng. "Mimi nabeba tu. Nikiulizwa, nilikuwa punda."

Wakazima feni, wakaliburuta nje, wakalitandaza juu ya ua. Kweli lilikauka upesi. Lakini wakati wa kulitoa, upande mmoja uligoma. Keneilwe akavuta. Ukagoma. Akavuta kwa nguvu zaidi, likatoka, na mwiba mmoja mrefu mweupe ulikuwa umening'inia kwenye kitambaa. Akauchomoa, akapasugua mahali pale kwa kidole gumba. Hakuona kitu, na hakutaka kuona. Wakalikunja, wakalitia mfukoni mwake, naye akasimama mbele ya kadi ukutani. Mstari wa mwisho ulisema: Limekauka kwa feni, saa mbili. Mkono wake ulisita kidogo, kisha ukatia alama ya vyema. Dakika tano baadaye alikuwa uwanjani na njuga zake.

Jumatatu asubuhi waliingia watoto wa darasa la kwanza, na miongoni mwao alikuwa Larona, mdogo wake Keneilwe, mwenye umri wa miaka saba na pengo la meno mawili mbele. Mma Ditshupo alikaa nje karibu na feni na mlango, kama kawaida yake wakati wa maonyesho, na Keneilwe aliongoza ndani. Alizima taa. Nyota zikatokea. Watoto wakavuta pumzi wote pamoja, na Keneilwe, hata baada ya kuyaona hayo mara nyingi, alisisimka vilevile. Aliwaonyesha Dithutlwa, nyota za twiga. Aliwaonyesha Selemela. Kisha akabonyeza kitufe cha kuharakisha usiku, na mbingu yote ikaanza kuzunguka polepole juu yao.

"Dada Kene," Larona aliita gizani. "Mbona ile haitembei?"

"Ipi?"

"Ile pale. Wenzake wote wanakwenda, yenyewe imesimama."

Keneilwe akatazama. Upande wa mashariki, huko ambako jua la asubuhi lilipiga kwenye madirisha ya ukumbi, kulikuwa na nukta moja inayong'aa, kali, nzuri kuliko zote. Nyota nyingine zilipita mbele yake na nyuma yake. Yenyewe ilitulia. Keneilwe akaelewa. Lile lilikuwa tundu la mwiba wake.

Watoto thelathini walikuwa wanasubiri jibu. Kitambaa ni chembamba, na nje alikaa Mma Ditshupo.

"Ile," alisema Keneilwe, "ile ni Modisa."

"Modisa ndiyo nini?"

"Si mchungaji? Nyota nyingine ni ng'ombe. Ng'ombe wanatembea wakila majani, mchungaji anasimama mahali pamoja anawaangalia."

Watoto wakasema "Aaa" kwa furaha. Ulikuwa uongo mzuri, hilo lazima tukubali, na uongo mzuri una shida yake kwamba watu wanaupenda. Saa sita mchana darasa la kwanza lote lilikuwa limemchora Modisa katika daftari, wengine na fimbo, wengine na mbwa. Oteng alipita na bakuli lake la mahindi, akamnong'oneza Keneilwe, "Punda ameona nyota mpya. Punda hasemi kitu." Keneilwe akaacha chakula chake nusu.

Jioni hiyo Larona hakukaa na wengine jikoni karibu na moto. Alijifunga blanketi, akasimama uani kichwa kikiwa juu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio.

"We mtoto, unatafuta nini huko?" Bibi alimuuliza.

"Modisa, Bibi."

"Modisa yupi? Ng'ombe walisharudi."

"Nyota. Ile isiyotembea. Nionyeshe."

Bibi akatoka, fimbo mkononi, akasimama karibu na mjukuu wake. "Hakuna nyota isiyotembea, mama. Zote zinakwenda. Nimezitazama tangu nikiwa mdogo kuliko wewe."

"Ipo. Dada Kene ametuonyesha. Na dada Kene amefundishwa na Mma Ditshupo, hawezi kukosea."

Keneilwe aliyasikia hayo akiwa ameinamia sahani. Alisubiri Bibi aite, "Keneilwe, njoo ueleze." Bibi hakuita. Jumanne jioni Larona alitoka tena, na Bibi akatoka naye, akakaa nje muda mrefu zaidi. Aliporudi ndani alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Kisha alikwenda kwenye ukuta alikotundika shali yake ya mistari, akaitoa, akaikunja, akairudisha sandukuni.

"Bibi, si Alhamisi utaivaa?" aliuliza Keneilwe.

"Sitakwenda," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imekwisha. "Macho yangu yameisha, mwanangu. Mtoto wa miaka saba anaona nyota ambayo mimi siioni. Nitasimama vipi mbele ya watu nijifanye najua mbingu? Mwambie Mma Ditshupo amtafute mwingine."

"Lakini Bibi, wewe ndiye unayejua."

"Nilikuwa najua. Siku zimepita." Akafunga kifuniko cha sanduku, akakaa juu yake.

Usiku huo Keneilwe hakupata usingizi. Mwanzo alikuwa ameogopa kunyang'anywa kurunzi, na hofu hiyo ilikuwa bado ipo. Lakini sasa kulikuwa na jambo baya zaidi. Alikuwa amechukua macho ya bibi yake, macho mazima, akamwambia ni mabovu. Na alikuwa ameyachukua kwa sababu ya dakika tisini za ngoma.

Jumatano, kabla ya kengele ya kwanza, alimkuta Mma Ditshupo ukumbini anapuliza lenzi kwa kile kipira chake. Fup, fup, fup.

"Mma," alisema, "kuba lina tundu. Nimelitoboa mimi."

Mma Ditshupo alipuliza mara mbili zaidi, akaiweka lenzi kwenye sanduku lake, akafunga kifuniko. Hapo ndipo aligeuka. "Lini?"

"Ijumaa. Nililianika kwenye ua wa zizi. Kama mablanketi. Sikusubiri feni. Nikatia alama ya vyema, na haikuwa kweli. Kisha Jumatatu watoto wakaliona lile tundu, nikawaambia ni nyota. Nikaipa na jina. Sasa Bibi haioni, anasema macho yake yameisha, hatakuja kesho."

"Mwiba gani?"

Keneilwe hakulitarajia swali hilo. "Mma?"

"Mwiba ulionyooka au wa ndoano? Ulionyooka hutoboa. Wa ndoano huchana, na mchano hutambaa. Nataka kujua nina kazi ya asubuhi moja au ya wiki nzima."

"Ulionyooka, Mma. Mweupe, mrefu."

Mma Ditshupo akashusha pumzi. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Umelianika kuba langu juu ya miiba. Miaka sita nazunguka nalo, limepita kwenye vumbi, limepita kwenye mvua, mbuzi ameula mkanda wake, na hakuna aliyewahi kufanya hilo." Kisha akavua viatu. "Haya. Twende tukalitafute."

Walipapasa sakafu, wakatandika turubai, wakawasha feni. Kuba lilipotuna wakaingia wawili, bila projekta, wakakaa gizani wakisubiri macho yazoee. Modisa alikuwa pale pale, mashariki, aking'aa. Mma Ditshupo akamtazama.

"Ni nyota nzuri," alisema mwishowe. "Ningekuwa wa miaka saba ningekuamini. Lakini tazama chini, karibu na pindo."

Keneilwe akatazama. Huko chini zilikuwepo nukta nyingine mbili, ndogo, ambazo hakuna mtu aliyeziona. Matundu matatu.

Mma Ditshupo alitoa mfuko wake wa kazi, na Keneilwe akafundishwa kutia kiraka. Walisafisha mahali pa tundu kwa spiriti. Walikata kitambaa cha akiba kiwe duara, kwa sababu kiraka chenye pembe hubanduka pembeni. Wakapaka gundi nyembamba pande zote mbili, wakasubiri mpaka isinate kidoleni, wakagandisha, wakakandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje ili hewa isibaki. Mikono ya Mma Ditshupo haikuharakisha hata kidogo. Kila Keneilwe alipotaka kukimbia alisema tu, "Subiri," na kungoja huko kulimfundisha zaidi ya maneno.

Walipomaliza, Mma Ditshupo alichukua kalamu nyeupe, akaandika kwa nje pembeni mwa kila kiraka: K. Kisha akamwonyesha viraka vingine, ambavyo Keneilwe alikuwa amevipangusa kila Ijumaa bila kuvisoma. Kimoja kiliandikwa T., kingine M. Kilichokuwa karibu na mlango, cha zamani kuliko vyote, kilikuwa na herufi D.

"Hiyo D. ni nani, Mma?"

"Unadhani ni nani? Wiki yangu ya kwanza niliingia na pini kichwani. Nikakaa nayo siri siku tisa. Wewe umekaa tano, umenishinda." Akafunga mfuko wake. "Lakini kesho hutashika kurunzi. Kadi ile inasomwa na mtu atakayelipokea kuba shule nyingine. Akiona alama ya vyema anaamini. Kiongozi aliyetia alama ya uongo anaanza upya, kwenye sakafu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mma."

"Na kwenu kuna mtu anakusubiri, nadhani."

Jioni Keneilwe aliketi mbele ya Bibi na Larona, akasema yote, mwiba, alama, jina. Larona alikunja midomo, akatetemeka, akalia. "Kwa hiyo Modisa hayupo?"

"Hayupo. Lilikuwa tundu."

"Nimemwambia kila mtu."

"Najua. Kesho nitawaambia mimi darasani kwenu. Si wewe."

Bibi akauliza polepole, "Kwa hiyo macho yangu hayana kasoro?"

"Hayana kasoro, Bibi. Uliona sawasawa. Nisamehe."

"Siku mbili umenifanya kipofu, Keneilwe. Siku mbili nimekaa nikijiaga." Alimtazama mjukuu wake kwa ukali, na Keneilwe hakuinua kichwa. Halafu mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. "Mchungaji anasimama, ng'ombe wanatembea," alisema, na sasa alikuwa anacheka kabisa. "Ungekuwa umemchunga ng'ombe hata mmoja ungejua mchungaji hasimami. Anakimbia kutwa nzima. Larona, nyamaza, niletee shali yangu."

Alhamisi, baada ya kuungama mbele ya darasa la kwanza, Keneilwe alikaa nje ya kuba karibu na feni. Wazee walikuja, wakavua viatu, wakacheka wenyewe walipolazimika kutambaa, na kgosi aliingia kama wengine, kwa magoti na viganja. Oteng alishika kurunzi. Bibi aliingia wa mwisho, shali ya mistari mabegani, na Larona akamshika mkono.

Kitambaa ni chembamba, kwa hiyo Keneilwe alisikia kila kitu. Alisikia wazee wakishusha pumzi nyota zilipotokea. Alimsikia Bibi akiita Selemela, akieleza jinsi ilivyoonekana alfajiri na majembe yakaanza kutafutwa, akiita Kopadilalelo, nyota ya jioni inayowaambia watu chakula kiwe tayari. Hakuona hata nyota moja. Kazi yake ilikuwa kusikiliza feni, na aliisikiliza.

Mma Ditshupo alikaa karibu naye. "Unajua kinachonishangaza kwenye kuba hili?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Halina nguzo. Wazee ishirini wamekaa mle wakitazama mbingu, na kinacholishikilia juu yao ni pumzi tu. Matundu yatakuwepo, Keneilwe. Miiba haitaisha Botswana hii. Tundu ambalo mtu amelisema nalitia kiraka kwa asubuhi moja. Lile lililofichwa ndilo linalolilaza kuba lote, watu wakiwa ndani. Ukikosea, njoo useme siku hiyo hiyo. Kazi ya kutunza ni hiyo, kupangusa ni nyongeza."

"Ndiyo, Mma."

Ndani, Oteng alibonyeza kitufe cha kuharakisha usiku. Mbingu ikaanza kuzunguka. Kisha sauti ya Bibi ikasikika tena, safi na yenye uhakika.

"Haya, tazameni vizuri. Kuna nyota yoyote niliyoiruka?"

Halafu Keneilwe akamsikia mdogo wake.

"Hakuna, Bibi. Zote zinatembea."